Ibara ya Kumi na Tisa

Jina la kwanza msajili alilikataa: kuna kikundi Himo kilishalichukua.
La pili, akasema, linanuka siasa.
La tatu tulilipata steshenari, Kiboriloni,
mvua ikipiga bati, umeme ukikatika kila tukitaka kuhifadhi:
Hatua.
Tulilipenda kwa ufupi wake. Muhuri hulipiwa kwa herufi.

Katiba ya nchi sijawahi kuimaliza.
Hii nimeiandika mwenyewe, usiku,
juu ya meza ninayochambulia maharage.
Nani mwanachama, nani afukuzwe, kwa kura ngapi.
Akidi, theluthi mbili. Tuko tisa:
msiba mmoja Kibosho, hakuna kikao.

Barua ya Kanada ina kurasa kumi na moja.
Wa kwanza unaulizia afya ya Mama Aikande na migomba yake.
Kumi zilizobaki ni sheria ya kwao:
sadaka huko si mtama wa kuku, kurushwa na kusahauliwa;
ni mbegu, na aliyeitoa ataulizwa imeota wapi.
Tuma mpango. Tuma bajeti kabla, hesabu baada.
Tuma picha ya kila kiti cha magurudumu
na namba iliyopakwa rangi chini yake.
"Nawaamini," ameandika Bi Harriet mwishoni, kwa mkono,
"lakini sheria hainiruhusu kuwaamini tu."

Basi nikamnunulia fundi Kileo kitabu cha risiti, chenye kaboni.
Kileo huchomelea magongo Pasua, chini ya turubai;
miaka yote risiti yake ni mkono wenye masizi.
Ukurasa wa kwanza akaandika: Nimepokea. Mungu anajua.
Nikamrudia: shilingi ngapi, Kileo?
Mungu anajua, mkaguzi hajui.

Tulipofika ibara ya kumi na nane tulidhani tumemaliza.
Wakili Tajieli akavua miwani: "Mmesahau kufa."
Shirika nalo hufa, akasema. Siku likivunjwa,
hata msumari wasigawiwe wanachama;
kila kitu kiende kwa wengine wenye kusudi kama letu.

Mama Aikande alikuwa anakunja khanga, akaacha.
"Na kile cha Godlisten?"

Kiti namba moja kwenye daftari.
Alikileta mwenyewe, wiki ya pili baada ya mazishi,
magurudumu ameyasugua kwa mswaki.
"Ni cha shirika, Mama," nikasema,
na mdomo wangu ukawa na ladha ya wino.
Akanyamaza. Tajieli naye, anayelipwa kwa maneno, akanyamaza.
"Soma tena."
Nikasoma.
"Siku ile nilikitoa kwa uchungu," akasema. "Sikukitoa kwa maandishi.
Lete kalamu."

Cheti kilitoka mwezi wa tano, kina nembo na saini,
na herufi moja imeteleza: Shirika la Hatia.
Tulicheka hadi Mama Aikande akashika ukuta.
Kisha nikaandika barua ya kuomba marekebisho, nakala tatu,
na nyingine ya kwenda Kanada, kueleza kwamba hatujashtakiwa.

Leo nahesabu mali kwa ajili ya ripoti ya mwaka.
Namba, aina, bei, mahali, hali.
Namba moja: kiti cha magurudumu. Bei: hakikununuliwa.
Mahali: Njoro, kwa binti wa darasa la nne
aliyejaribu kubandua stika ya timu ya Godlisten mgongoni,
ikamshinda, akaiacha nusu.
Kwenye hali, fomu inataka kizima au kibovu.
Nimeandika: kinatembea.